Mwanafunzi wa Uongo

Jumatatu, 4 Machi

Mjomba kanipa daftari na amri: andika kila siku, hata kama ni mstari mmoja. Anasema tangu niachane na shule kidato cha pili ubongo wangu umeanza kuota kutu. Nikamwambia dhahabu haioti kutu. Akacheka mpaka miwani ikamdondokea kwenye chai.

Basi, kwa faida ya atakayeliokota: mwandishi ni kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mtanashati, mwenye maneno. Shule ndiyo iliyoniacha. Mimi nilikuwa bado naifikiria. Mjomba ni kaka mkubwa wa mama, mhadhiri wa saikolojia na sayansi ya ubongo hapa chuo kikuu. Mkewe alifariki zamani, watoto wake wako ng'ambo. Mama kanileta nikae kwake nimwangalie. Mjomba yeye kaambiwa nimeletwa ili aniangalie mimi. Mama angekuwa mwanasiasa tungekuwa na kiwanja.

Mvua imeanza leo mchana. Paa la jikoni linavuja.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata kazi, na kazi yenyewe ni kudanganya watu. Sitanii.

Maabara ya Mjomba ni chumba chenye viti vinane na pazia la kijani. Mnaingia wanane, mnaonyeshwa kadi yenye mstari mmoja, halafu kadi ya pili yenye mistari mitatu, mseme upi unalingana na ule wa kwanza. Mtoto wa chekechea anaweza. Ila saba kati ya wanane ni watu wetu. Ndivyo tunavyoitwa, "watu wetu", na tumepangwa kutoa jibu la uongo kwa pamoja. Mmoja tu, anayekaa kiti cha mwisho, hajui kitu. Huyo ndiye mshiriki. Kinachotafutwa ni kama ataamini macho yake au atafuata kundi.

Mshiriki wa leo alikuwa jitu la ndevu, kifua kama kabati. Mimi nikapewa kiti cha kwanza, cha kuanzisha uongo. Nikaitazama kadi, nikakuna kidevu kama mzee wa baraza, nikasema, "Wa kati." Wa kati wenyewe ulikuwa mfupi kama subira ya mama yangu. Wenzangu wakafuata, wa kati, wa kati, wa kati. Jitu likatokwa na jasho, likafumba jicho moja, likasema kwa sauti ya kuku aliyenyeshewa: "Wa kati."

"Mpwa wangu," Mjomba akaniambia baadaye, "una kipaji cha kutisha."

"Nimerithi upande wenu, Mjomba."

Lakini kabla jitu halijaondoka, Mjomba alilikalisha akalieleza yote: kwamba tumelidanganya, nani alikuwa mtu wetu, kwa nini, na kwamba kufuata kwake si ujinga. Jitu likacheka, ila macho yalikuwa mekundu. Nikauliza kulikuwa na haja gani ya kumwambia, si angekwenda zake na furaha yake. Mjomba akaacha kucheka.

"Ukimdanganya mtu kwa ajili ya elimu, hatoki mlangoni kabla hujamwambia ukweli. Akitoka bila kujua, hiyo si sayansi tena. Huo ni utapeli."

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Sina la kuandika, ila nimependeza.

Jumanne, 12 Machi

Mjomba kasahau ubongo sokoni.

Naandika kama ilivyotokea. Ana ubongo wa plastiki wa kufundishia, unaofunguka vipande vipande, kila kipande rangi yake. Aliuweka kwenye kikapu pamoja na vitunguu, akaushusha kwenye meza ya muuza mboga ili atafute chenji, akaondoka na vitunguu. Nikatumwa kuufuata. Muuza mboga alikuwa ameuweka juu ya mizani, katikati ya kabichi mbili.

"We kijana, hii kitu mnapika au mnachemsha?"

"Hiyo ni akili ya mjomba wangu, mama. Kaisahau."

Soko zima likacheka. Na mimi nikacheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nikamhadithia Mjomba, naye akacheka, halafu akaniuliza ubongo ule nimeutoa wapi.

Alhamisi, 14 Machi

Sasa nina cheo cha pili: mbeba ubongo. Naubeba mpaka ukumbi wa mihadhara, nauweka mezani, nakaa mstari wa mbele kama mtu aliyelipa ada. Ukumbi una viti mia mbili na paa lenye tundu. Chini ya tundu kuna ndoo. Ta. Ta. Ta. Hakuna anayejua iliwekwa na nani.

Na niseme ukweli, jambo nisilolizoea: Mjomba akifundisha ni simba. Nyumbani ni mzee anayetafuta soksi. Pale mbele mabega yanapanda, sauti inashuka, watu wanaacha simu zao. Leo alifundisha kumbukumbu. Akawasomea hadithi fupi, wanafunzi wakatakiwa waisimulie baada ya muda bila kuangalia popote:

*Fundi cherehani mmoja alipanda treni siku ya Alhamisi akiwa na vitambaa vya samawati. Treni ikasimama darajani kwa sababu mbuzi watatu walikuwa wamelala kwenye reli. Abiria wakashuka kuwafukuza. Fundi aliporudi kitini akakuta mkasi wake haupo. Jioni mkata tiketi akamletea, naye akamshonea kofia.*

Hadithi hiyo aliitunga mwenyewe ujanani. Mpaka leo hospitali hutumia hiyo hiyo kupima wazee wanaosahau. Wanafunzi wakaanza kuisimulia: mmoja kasema mbuzi wanne, mwingine kamvisha kofia fundi. Kicheko.

Halafu Mjomba akageukia ubao, chaki mkononi, akasimama. Nilidhani anafikiri. Ta. Ta. Ta. Chaki haikuandika. Alipotugeukia, alikuwa na uso wa mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Mimi kimya huwa kinaniwasha. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani, hebu turudi kidogo pale uliposema kumbukumbu mpya inapitia wapi kwanza."

"Hipokampasi!" akasema, na simba akarudi.

Jumapili, 17 Machi

Mjomba kaniita barazani. Anasema wanafunzi wake waoga, hawaulizi maswali. "Wewe ukianza, watafuata. Ni kama ile mistari. Tufanye hivi: ukiniona nafuta miwani kwa tai, uliza swali. Uliza juu ya kile nilichokuwa nakisema."

"Kwa hiyo nimekuwa mtu wetu hata darasani?"

"Ndiyo," akasema. "Kwa faida yao."

Tukapeana mikono. Hakuna aliyemwangalia mwenzake machoni.

Alhamisi, 21 Machi

Leo kafuta miwani mpaka nikaogopa vioo vitatoboka. Ili niulize la maana inabidi nisikilize, na nikisikiliza naelewa. Nikiendelea hivi nitaharibikiwa kabisa.

Msichana anayekaa pembeni yangu, mtafuna penseli (namwita Penseli, hajui), kaniambia: "Kaka, maswali yako yananisaidia sana. Uko kundi gani la majadiliano?" Nikamwambia mimi hujadiliana peke yangu, wengine hawanifikii. Akajitolea kunikopesha maelezo yake ya wiki iliyopita. Nikakubali kwa madaha.

Jumanne, 26 Machi

Ndoo imejaa, imemwagika. Mjomba kavaa viatu viwili tofauti. Nimemwambia ni mtindo. Kaniamini.

Jumatano, 3 Aprili

Maabara. Mshiriki wa leo alikuwa mama mmoja mkaidi aliyekataa kutufuata mpaka mwisho. Safi sana. Wenzangu wakaondoka, mama akaelezwa, akaondoka. Mjomba akaniita.

"Kijana, kaa."

Nikakaa, nikidhani ni utani. Akavuta kiti karibu. Akatumia ile sauti laini anayowatunzia washiriki.

"Kwanza, samahani. Leo tumekudanganya. Wale wenzako walikuwa watu wetu. Walipangwa kusema vile."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Usione aibu. Wengi hufuata. Haina maana kwamba wewe ni mjinga."

"Mjomba. Ni mimi."

Akanitazama. Kitu kikapita usoni pake, kama mtu anayepapasa ukutani akitafuta swichi. Kisha akakunja karatasi zake.

"Najua ni wewe. Nilikuwa nakufundisha jinsi ya kuwaeleza watu, siku moja utaongoza mwenyewe."

Nimekaa na waongo wengi, na mimi hii ndiyo fani yangu. Sijawahi kuona mwongo mbovu kama Mjomba leo. Nikasema nimeelewa. Tukarudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja, yeye akinishika mkono kwenye madimbwi, au mimi nikimshika.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimempigia mama.

"Mama, Mjomba anasahau."

"Hata mimi nasahau. Nilisahau kukuchapa ulipokuwa mdogo, ona sasa."

"Mama, nasema kweli."

"Mara ya mwisho uliposema kweli ulikuwa umeng'atwa na simba nyuma ya shule."

Nikakata. Ningekuwa mama yangu, na mimi nisingeniamini.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Nguo zinanuka uvundo. Penseli kaniuliza nitachagua mada gani ya utafiti mwaka wa tatu. Nikamjibu ni siri.

Alhamisi, 18 Aprili

Jumanne Mjomba alifundisha hofu: jinsi ubongo unavyoruka kabla wewe hujajua umeona nyoka au kamba. Alipiga meza kwa kiganja ghafla, mia mbili wakaruka, akasema, "Mmeona? Miguu yenu imefika nyumbani, ninyi bado mko hapa." Kicheko kikubwa.

Leo akaingia, akaweka miwani sawa, akaanza. Hofu. Nyoka au kamba. Neno kwa neno. Nikaona watu wanatazamana, kalamu zimesimama hewani. Hakufuta miwani. Hakuwa amepotea, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi: alikuwa na raha zake. Akapiga meza. Hakuna aliyeruka. Akasema, "Mmeona? Miguu yenu imefika nyumbani." Ukumbi kimya. Ta, ikasema ndoo.

Akabaki na kiganja mezani, tabasamu halijui liende wapi.

Nikaruka juu ya kiti. "Jamani, mmeshikwa! Ni jaribio! Mwalimu anatupima kama tutathubutu kusema kwamba somo hili tulishalisikia! Watu mia mbili, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo!"

Sekunde moja. Halafu ukumbi ukalipuka. Wakapiga makofi, wakapiga meza, mmoja nyuma akapiga mluzi. Penseli akajipiga kichwa: "Kumbe! Ile ya mistari!" Ukiwa na watu wanaosoma saikolojia, hata ukianguka utaambiwa ni jaribio. Mjomba akasimama katikati ya makofi yale, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea pole.

Huo ndio uongo mkubwa na mzuri kuliko wote niliowahi kuutoa. Njiani nilijisifu mpaka kona ya pili. 

Jumanne, 23 Aprili

Mkuu wa idara kaja kukaa nyuma ya ukumbi. Ni mama mwembamba anayetembea na funguo nyingi kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Namwita Mama Funguo. Hakuandika kitu. Kila Mjomba aliposhika tai, yeye hakumtazama Mjomba. Alinitazama mimi.

Jumatano, 24 Aprili

Tumeitwa ofisini, wote wawili. Mama Funguo alifundishwa na Mjomba, ndiyo maana hakukaa kwenye kiti chake kikubwa, alikaa upande wetu.

"Mwalimu wangu," akasema, "naomba ukapimwe. Hospitali ikisema uko sawa, sitauliza tena, utafundisha mpaka uchoke mwenyewe. Ikisema vingine, tutakaa tupange vizuri. Sitaki wanafunzi wako waje kukucheka."

"Nani ananicheka?"

"Bado hakuna."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, bwana mdogo, namba yako ya usajili ni ipi?"

"Bado inashughulikiwa, mama."

"Hm," akasema, na funguo zikalia.

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyo. Hospitali ikimshinda, Mjomba anapoteza ukumbi. Akipoteza ukumbi, hana pa kuwa simba. Na mimi, tusifichane, napoteza kiti changu cha mbele, mahali pekee duniani ninapoitwa mwerevu na watu ambao hawanidai shukrani.

Alhamisi, 2 Mei

Tumekwenda. Mama kaja tangu jana, kavaa viatu vyake vya msibani, vile vya kukutana na mabaya. Daktari ni kijana mpole, hakuwahi kusoma kwa Mjomba lakini anamjua kwa sifa. Alikuwa anaona haya kuliko mgonjwa.

"Mwalimu, samahani, ni utaratibu tu. Nitakusomea hadithi fupi, halafu tutafanya mengine, halafu utanisimulia."

Akafungua karatasi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na mama. Daktari akasoma: "Fundi cherehani mmoja alipanda treni siku ya Alhamisi..."

Nikamtazama Mjomba. Uso haukutikisika.

Wakachora saa, wakataja wanyama, hapo Mjomba akakwama kidogo. Halafu hadithi. Mjomba akaimimina yote: vitambaa vya samawati, daraja, mbuzi watatu, mkasi, mkata tiketi, kofia. Hata koma hakuiacha. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, sijawahi kuona mtu wa umri wako amepata yote. Hata mimi siwezi. Nitaandika ni uchovu, upumzike."

Mama akalia kwa furaha akanikumbatia, kisha akanifinya. "Ulitaka kuniua na maneno yako." Mimi nilikuwa nacheka. Niliona ni ujanja wa mwaka, mzee kamtega daktari kwa mtego wake mwenyewe. Nikamnong'oneza korido nzima: "Mjomba, umewaweza!"

Garini aligeuza uso akatazama vioo vinavyotiririka maji.

Ijumaa, 3 Mei

Mama Funguo kapiga simu kupongeza. Mjomba hakutaka kuipokea. Nikapokea mimi, nikasema yuko bafuni.

Jumapili, 5 Mei

Leo nitaandika mengi.

Asubuhi kikombe cha bluu kilimvunjikia Mjomba, akajikata kidole, nikamfunga kitambaa. Mama alikuwa amekwenda kwa rafiki yake. Baada ya chakula cha mchana Mjomba akaniita jikoni, mvua ikigonga mabati.

"Ile hadithi aliitunga nani?"

"Wewe."

"Basi unachoshangilia ni nini? Nimejisahihishia mtihani wangu mwenyewe. Ile hadithi nimeisoma mbele ya watu nusu ya maisha yangu. Haikai pale kinapokaa kitu kipya. Inakaa pale jina langu linapokaa. Yule kijana hakujua nani kaitunga, karatasi haina jina. Mimi nilijua. Nikamwacha anipongeze. Nikatoka mlangoni."

Sikuwa na mzaha wowote. Niliutafuta, haukuwapo.

"Sasa nitungie hadithi mpya," akasema. "Ambayo sijawahi kuisikia. Fanya kama nilivyokufundisha. Soma mara moja, tungoje, uniulize."

Nikachukua kalamu. Na hapa ndipo nilipofanya yangu. Sikutaka ashindwe. Nikakumbuka kisa alichonihadithia mama, cha utotoni mwao, nikakiandika kama cha mtu mwingine: *Mtoto mmoja alipanda juu ya paa la shule kufuata mpira. Akakuta mzinga wa nyuki. Akalala kifudifudi mpaka mwalimu mkuu alipoleta ngazi. Suruali ikachanika kwenye msumari, akaenda nyumbani kinyumenyume.* Nikamsomea. Tukamenya viazi, tukaongea habari za mpira. Nikamwuliza.

Akaanza vizuri. Paa, mpira, nyuki. Macho yakamng'aa. "Akalala kifudifudi, bati lilikuwa la moto, lilimwunguza tumbo. Mwalimu mkuu akaja na ngazi iliyokosa kipandio cha tatu. Na suruali haikuwa yake, alikuwa kaiazima kwa kaka yake mkubwa, ya kahawia, ina kiraka..."

Kipandio cha tatu sikukiandika. Wala rangi ya kahawia.

"Mtoto huyo ni mimi," akasema.

"Mjomba..."

"Kakuhadithia mama yako." Hakuwa amekasirika, ningefurahi angekasirika. "Unanipenda, kwa hiyo umenidanganya. Ya zamani bado ipo, mpwa wangu. Ya zamani itatoka mwisho kabisa. Nipe ya leo."

Nikamhadithia asubuhi yake mwenyewe: mtu mmoja alikuwa anakunywa chai, kikombe cha bluu kikamponyoka, akajikata kidole, mpwa wake akakifunga kwa kitambaa chenye maua. Tukamenya viazi vilivyobaki. Nilivimenya polepole, kiasi kwamba mama angeona angenitimua. Nikamwuliza.

Akafikiri. Akatazama mikono yake, akaona kile kidole na kitambaa chenye maua, akakigeuza huku na huku kama kitu alichokikuta kimesahauliwa na mgeni. Kisha akafumba macho ili asikione.

"Fundi cherehani mmoja," akaanza, "alipanda treni siku ya Alhamisi."

Nikamwacha amalize. Alipofika kwenye kofia akafumbua macho, akayaona yangu, akajua.

"Yote?" akauliza.

"Yote, Mjomba."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

Akaitikia kwa kichwa, akakusanya maganda ya viazi kwa kiganja, yote, hata yale madogo.

Jumatatu, 6 Mei

Kaenda mwenyewe kwa Mama Funguo, kamwambia. Kaniambia yule mama alilia, yeye ndiye aliyembembeleza. Wamepatana: Alhamisi somo la mwisho, na wanafunzi atawaambia kwa mdomo wake. "Kanuni ni kanuni," akasema. "Hawatoki mlangoni."

Nimemweleza na mama, mambo yote, miwani, tai, lile somo la hofu. Nilingoja anifokee. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni akasema, "Mwanangu, na hili ulikuwa umelibeba peke yako?" Afadhali angenifokea.

Alhamisi, 9 Mei

Nimembebea ubongo kwa mara ya mwisho. Ukumbi ulijaa, kwa sababu tangu lile somo la hofu sifa zilikwisha kuenea kwamba kwa huyu mwalimu unaweza kujaribiwa wakati wowote. Penseli alinishikia kiti. Ndoo chini ya tundu, ta, ta.

Alianza na niuroni, zile seli za ubongo. Sijui kama nimewahi kumsikia vizuri kama leo. Alisema niuroni mbili hazigusani, kati yake kuna pengo dogo sana, na kila kitu tulichowahi kukipenda kimevuka mapengo hayo. Mia mbili wakaandika. Nikaandika na mimi. Saa ilikuwa inakwenda na alikuwa bado hajasema kile alichokuja kukisema.

Halafu akasimama. Akatazama ubao. Akatazama mlango. Mkono ukapanda kwenye tai, akavua miwani, akaanza kufuta.

Wanafunzi wakatabasamu. Walikuwa wanasubiri jaribio.

Mdomoni mwangu kulikuwa na maswali mawili. Moja lilihusu macho, namna ubongo unavyojaza sehemu ambayo jicho halioni. Hilo nalijua: ukimwuliza anakwenda nalo mpaka kengele, bila kujikwaa. Wangempigia makofi, wangetoka, wangemkumbuka akiwa simba. Na mimi Penseli angenikumbuka nikiwa nani sijui, lakini si huyu. Lilikuwa rahisi sana hilo swali. Nililishika kwa meno.

Nikalikumbuka lile jitu la ndevu, macho mekundu, likiambiwa ukweli kabla ya mlango.

Nikanyoosha mkono. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kuku aliyenyeshewa.

"Mwalimu, samahani. Hebu turudi kidogo pale uliposema hatutatoka mlangoni kabla hujatueleza uongo wa muhula huu."

Akanitazama muda mrefu. Nikaona swichi inatafutwa, inatafutwa, imepatikana. Akavaa miwani.

"Asante, kijana," akasema. "Wekeni kalamu chini. Nimekuwa nikiwadanganya."

Akawaambia. Hakuchukua muda. Lile somo la hofu halikuwa jaribio. Ana ugonjwa ambao amewafundisha wao wenyewe, sura ya tisa. Mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, akidhani na hili limo. Mjomba akainua mkono. "Hapana, mwanangu. Hili si jaribio." Makofi yakafa moja moja.

"Na huyu," akanionyesha, "si mwanafunzi. Ni mpwa wangu. Alikuwa mtu wetu."

Penseli alinigeukia. Uso ule sitauandika.

"Na maswali yake?" akamwuliza Mjomba, si mimi. "Ulikuwa unamwandikia?"

"Hapana," akasema Mjomba. "Maswali yalikuwa yake."

Penseli akakusanya daftari zake, akapita mbele yangu bila kunigusa. Watu walitoka polepole, kila mmoja akimpa Mjomba mkono mlangoni. Nilibaki na ubongo wa plastiki na ndoo.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua.

Jumatatu, 20 Mei

Mjomba kavaa tai asubuhi. Nimeifungua taratibu, nikamwambia leo ni sikukuu. Na jana pia ilikuwa sikukuu.

Jumatano, 5 Juni

Mvua imekatika. Mama keshahamia hapa moja kwa moja, nje anaanika magodoro. Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu, Mjomba yuko mezani na ubongo wake wa plastiki mbele yake, kaufungua vipande vyote na hajui kuufunga. Nikamwona anavua miwani. Tai hana. Akafuta kwa pindo la shati.

Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Nikaweka kisu chini, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Hebu turudi kidogo pale kwenye treni."

Mabega yakapanda. "Fundi cherehani mmoja," akasema, "alipanda treni siku ya Alhamisi." Akaenda nayo yote mpaka kwenye kofia. Kisha akanitazama kwa adabu sana, jinsi anavyowatazama wageni.

"Samahani, kijana. Wewe ni mshiriki, au ni mtu wetu?"

"Mtu wenu, Mjomba."

"Vizuri," akasema, akanisogezea kiti. "Basi kaa hapa, cha kwanza."

Nikanawa mikono, nikakaa.